Mwongozo kamili: Jinsi ya kupendekeza jina la kreta ya Mwezini bila kukwama mlangoni

Watu wetu wanakwama palepale kila mara. Mtu anakuja na jina tayari mkononi, la mwalimu wake, la marehemu babu, la rais wa kwanza, la kijiji alichozaliwa, halafu ndo anaanza kuuliza atalibandika wapi kule Mwezini. Anatuma emaili ndefu yenye uchungu wa kweli kabisa, anasubiri, kimya. Au mbaya zaidi anaangukia kwa wauza vyeti mtandaoni, analipa dola zake, anatumiwa karatasi yenye nyota za dhahabu na jina ambalo hakuna ramani hata moja duniani italitumia.

Utaratibu wenyewe umekaa kinyume na tunavyouwaza. Unaanza na mahali, jina linakuja baadaye. Kwanza kuwe na kreta, yaani shimo la duara, au mlima ambao kuna mtu anaufanyia kazi na anahitaji kuutaja, halafu ndo litafutwe jina linaloufaa. Ukishika hilo, hatua zote zilizobaki zinafuatana zenyewe. Habari za nani aliita nini miaka ya 1600 tunaziruka, twende moja kwa moja kwenye kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta na bando la kutosha. Simu inaweza kufungua hizi ramani lakini kupima kwa kidole ni mateso, na vipimo vinatoka ovyo.
- Gazetteer of Planetary Nomenclature. Hii ndo orodha rasmi ya majina yote ya sayari na miezi. Inatunzwa na idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, kule Flagstaff, Arizona, kwa niaba ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, yaani IAU. Kuitumia ni bure.
- LROC QuickMap ya Chuo Kikuu cha Arizona State. Ni ramani ya Mwezi unayoweza kuivuta mpaka uone mawe, imetengenezwa kwa picha za chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kilichorushwa mwaka 2009. Nayo bure.
- Daftari, au jedwali la kompyuta, la kuandikia namba.
- Machapisho mawili matatu ya kuaminika kuhusu mtu unayetaka apewe jina. Kitabu, jarida la kisayansi, kumbukumbu ya taasisi. Usitegemee Wikipedia peke yake.
- Mtafiti wa sayari atakayeshirikiana nawe. Huyu usimwone kama pambo, tutafika kwake hatua ya 6.

Pesa haimo kwenye orodha hii. IAU haiuzi majina na haina wakala anayeuza. Anayekudai hela ili kreta iitwe jina la mchumba wako hana mamlaka yoyote juu ya ramani za Mwezi, awe na tovuti nzuri kiasi gani.

## Hatua ya 1: Jifunze kusoma majina yaliyopo

Usiruke hatua hii hata kama unajiona mjuzi. Nusu ya maombi mabovu yanatokana na mtu kutafuta jina, kutolikuta, kisha kudhani halipo.

Fanya zoezi na kreta ya Ibn Battuta. Huyu ni msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kwa hiyo sisi wa pwani tuna sababu ya kumjua. Andika jina lake kwenye Gazetteer, ufungue ukurasa wake. Utaona latitudo kama nyuzi 7 kusini, longitudo kama nyuzi 50 mashariki, kipenyo karibu kilomita 11, mwaka wa kuidhinishwa 1976, na asili ya jina. Halafu nenda QuickMap, washa safu (layer) ya majina, uifuate mpaka kwenye bahari ya Mare Fecunditatis. Ni kakreta ka duara, safi, kako peke yake kwenye uwanda wa lava.

Sasa mtafute Ibn Sina. Humpati. Yupo, lakini ameandikwa Avicenna. Ibn al-Haytham ni Alhazen, al-Battani ni Albategnius, al-Farghani ni Alfraganus, Thabit ibn Qurra ni Thebit, al-Zarqali ni Arzachel. Majina ya zamani yaliingia kwa tahajia ya Kilatini na yamebaki hivyohivyo, wakati mengi ya yaliyoingia karne ya 20 kama Ibn Battuta na Al-Khwarizmi yameandikwa karibu na yanavyotamkwa. Kwa hiyo ukitafuta jina lolote la mwanazuoni wa Kiislamu, Mchina, Mhindi au Mgiriki, jaribu tahajia zote unazozijua kabla hujasema halipo.

Jifunze na maneno ya Kilatini yanayoonyesha aina ya kitu. Mare ni bahari, yaani uwanda mweusi wa lava maana maji hakuna. Mons ni mlima, montes ni safu ya milima, vallis ni bonde, rima ni ufa mrefu, rupes ni ngema, dorsum ni mgongo uliojikunja kwenye lava, sinus ni ghuba, lacus ni ziwa, catena ni mnyororo wa kreta, statio ni mahali chombo kilipotua. Kreta yenyewe haina neno la mbele, inaandikwa jina tupu: Copernicus, Tycho, Shackleton.

Tahadhari: ramani na vitabu vya kabla ya 1961 vimegeuza mashariki na magharibi, kwa sababu mwaka huo ndo IAU ilibadilisha ili mwelekeo ufuate mtu aliyesimama Mwezini, badala ya anayetazama mbingu akiwa Duniani. Ndo maana Mare Orientale, yenye jina la mashariki kabisa, leo iko ukingo wa magharibi. Ukichukua namba kwenye kitabu cha zamani bila kuangalia mwaka, unaishia upande mwingine wa Mwezi.

Umefaulu ukiona: unaweza kupewa jina lolote, ukalifikia kwenye ramani, na ukaeleza ni aina gani ya kitu bila kuuliza mtu.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali penye kazi

Hapa ndo moyo wa jambo lote, nitakaa kidogo.

Kanuni ya IAU inasema jina linatolewa pale tu ambapo lina faida kwa sayansi au kwa ramani. Mwezi una kreta zisizohesabika na nyingi hazitapata jina milele, si kwa dharau, ni kwamba hakuna anayezitaja. Swali la kwanza la anayesoma ombi lako ni hili: nani anahitaji jina hili, kwa kazi gani?

Angalia kreta ya Henson karibu na ncha ya kusini. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya utafiti ya taasisi ya Lunar and Planetary Institute, Houston, alikuwa akilichunguza eneo hilo, maana ndiko Marekani inakotaka kupeleka wanaanga wa mpango wake wa Artemis. Kati ya kreta za Sverdrup na de Gerlache kulikuwa na kreta kubwa isiyo na jina. Mnaijadili vipi kwenye ripoti, "ile ya katikati"? Akapendekeza jina la Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyekuwa na Robert Peary kwenye safari ya Ncha ya Kaskazini mwaka 1909. Peary alikuwa na kreta yake siku nyingi, Henson hakuwa nayo. IAU ikakubali Septemba 2021.

Hebu tazama vitu vilivyokutana hapo. Mahali panapofanyiwa kazi kweli. Pengo la wazi kwenye ramani. Jina linalofuata desturi ya eneo, maana ncha za Mwezi zimejaa wavumbuzi wa ncha za Dunia: Shackleton, Amundsen, Scott, Nobile, Byrd. Na haki ya kihistoria juu yake. Ila haki peke yake isingetosha kama kreta isingekuwa na kazi, hili naomba mlishike sana kwa sababu wengi wenu mnaandika ombi zima kwa hoja ya haki tu.

Mwingine ni Mons Mouton, mlima wenye kilele bapa hukohuko kusini, uliopata jina mwaka 2023 la Melba Roy Mouton, mwanahisabati wa NASA. Timu ya gari la utafiti la NASA liitwalo VIPER ilikuwa imepachagua, hivyo walihitaji jina. Wachina vilevile: baada ya chombo chao cha Chang'e 5 kutua, mwaka 2021 waliidhinishiwa majina 8 ya eneo hilo, mojawapo Statio Tianchuan. India wakapata Statio Shiv Shakti Machi 2024 mahali chombo chao cha Chandrayaan-3 kilipotua. Kanuni zenyewe zinaruhusu nchi inayotua ipate majina mengi zaidi kwenye ramani ya eneo ilipotua.

Wewe ambaye huna chombo cha kutua ufanyeje? Soma muhtasari wa tafiti za Lunar and Planetary Science Conference, mkutano unaofanyika kila Machi karibu na Houston. Zile karatasi ni za kurasa mbili tu na zinasomeka bure. Tafuta zile ambazo mtafiti anaandika "kreta isiyo na jina iliyo kaskazini mwa..." Kila ukiona maneno hayo, hapo pana uhitaji ulioandikwa na mtaalamu mwenyewe, wala huna haja ya kuutunga.

Umefaulu ukiona: unaweza kuandika sentensi moja ya nani anapatafiti mahali hapo na kwa nini kukosa jina kunampa shida. Ukishindwa hiyo sentensi usiendelee hatua ya 3, tafuta mahali pengine.

## Hatua ya 3: Hakikisha kweli hapana jina

Fungua QuickMap na safu ya majina ikiwa imewashwa. Halafu nenda Gazetteer, kwenye utafutaji wa kina, weka mipaka ya latitudo na longitudo kuzunguka kreta yako, usome kila kilichomo.

Mara nyingi utakuta kreta yako ina herufi. Mwezi una majina zaidi ya 9,000 ukihesabu na haya ya herufi, tena ya herufi ndo mengi kuliko yote. Kreta ndogo inachukua jina la jirani yake mkubwa na kuongezewa herufi, mfano Copernicus A. Upande wa mbali wa Mwezi herufi zimepangwa kwa mwelekeo kama saa ya ukutani: Z iko kaskazini, F mashariki, M kusini, T magharibi, na nyingine katikati yake. Kwa hiyo Pasteur T iko magharibi mwa Pasteur hata kabla hujafungua ramani.

Herufi haimaanishi mlango umefungwa. Ibn Battuta yenyewe iliitwa Goclenius A. Pasteur T na Ganskiy M mwaka 2018 zilibadilishwa zikawa Anders' Earthrise na 8 Homeward, kuadhimisha miaka 50 ya safari ya Apollo 8, na Pasteur T ni moja ya kreta zinazoonekana kwenye ile picha maarufu ya Dunia ikichomoza ambayo William Anders aliipiga Desemba 1968. Lakini lazima useme kwa nini herufi haitoshi, kwa sababu msomaji wa ombi atakuuliza hivyohivyo.

Kama kreta ina jina kamili tayari, achana nayo. Usipoteze muda kuomba jina la mtu liondolewe ili liwekwe lako.

Umefaulu ukiona: una skrinshoti mbili, moja ya QuickMap na moja ya matokeo ya Gazetteer, zote zinaonyesha hapana jina au pana herufi tu.

## Hatua ya 4: Pima kwa mikono yako

Fomu inataka katikati ya kreta na kipenyo chake. Watu wanakisia, na ukikisia msomaji anapofungua ramani anakuta pembeni.

1. Vuta ramani mpaka kreta ijaze karibu nusu ya kioo. Ikiwa iko ncha ya kusini au kaskazini badilisha ramani iwe ya ncha kwanza, la sivyo kreta ya duara itaonekana imevutwa kama mpira uliokanyagwa na vipimo vyote vitakuwa uongo.
2. Tafuta ukingo wa juu, pale ardhi inapoacha kupanda na kuanza kushuka ndani. Kivuli hukudanganya, kwa hiyo washa safu ya kimo iliyopimwa kwa leza. Kwenye maeneo ambayo jua halifiki kabisa hiyo ndo njia pekee ya kuuona ukingo.
3. Pima kutoka ukingo mpaka ukingo kaskazini hadi kusini, halafu mashariki hadi magharibi. Chukua wastani.
4. Weka alama katikati, andika latitudo na longitudo kwa desimali.
5. Funga ramani. Rudia kesho bila kuangalia namba za jana.

Tahadhari ya longitudo: kuna ramani zinazohesabu kutoka 0 hadi 360 kuelekea mashariki, nyingine zinatoka -180 hadi 180. Nyuzi -90 na nyuzi 270 ni mahali pamoja. Ukiwa na namba hasi, jumlisha 360 upate ya mfumo ule mwingine, na kwenye fomu taja umetumia mfumo gani.

Na ukubwa je? Chini ya mita 100 hawatoi jina mpaka kuwe na sababu nzito ya kisayansi. Zipo ndogo zaidi, mfano Plum ya Apollo 16 ina kama mita 40 tu, lakini pale wanaanga John Young na Charles Duke walichukua sampuli kwa mikono yao.

Umefaulu ukiona: vipimo vya siku mbili vinakaribiana sana. Vikipishana kwa sehemu ya kumi au zaidi, ukingo uliouchagua si wenyewe, rudi namba 2.

## Hatua ya 5: Sasa ndo uchague jina

Hapa ndo panapowauma watu. Kanuni zisome kama zilivyo, usitafute upenyo.

Mtu awe amefariki, na iwe imepita angalau miaka 3. Wachache walipewa wakiwa hai, kama Armstrong, Aldrin na Collins mwaka 1970, lakini hao ni wanaanga wa enzi ile, usiwatumie kama hoja.

Majina yenye maana ya siasa, jeshi au dini hayaruhusiwi. Kwa hiyo Nyerere hapana, Kenyatta hapana, Lumumba hapana, hata tuwapende vipi, na hata Marekani hawezi kumweka rais wake. Utauliza mbona Julius Caesar yupo. Yupo, ni wa zamani mno, kanuni inawaachia wanasiasa wa kabla ya karne ya 19. Wengine mtaniletea kreta ndogo iitwayo Jomo kama ushahidi. Ile ni jina la kwanza tu la kiume la Kiafrika, halimwadhimishi mtu yeyote. Kreta ndogo hupewa majina ya kwanza ya mataifa mbalimbali, ndo maana utakuta pia Samir, na kwenye njia ya gari la Kisovieti la Lunokhod 1 kuna Borya, Gena, Kolya na wenzao walioidhinishwa 2012.

Kila aina ya kitu ina kundi lake la majina. Kreta za Mwezini ni za wanasayansi na wavumbuzi wa ncha waliotoa mchango mkubwa. Bahari, ghuba na maziwa huchukua maneno ya Kilatini ya hali ya hewa na hali za nafsi: Mare Imbrium ya mvua, Lacus Somniorum ya ndoto. Dorsum ni za wanajiolojia na wenzao. Milima kwa kawaida hufuata safu za milima ya Duniani au kreta ya jirani. Nyufa na minyororo hufuata kreta iliyo karibu. Ukiomba ufa uitwe jina la profesa wako wameshakukatalia kabla hawajafika ukurasa wa pili. Wanaanga wa Marekani waliofariki wako ndani na kuzunguka kreta ya Apollo, wa Urusi karibu na Mare Moscoviense.

Jina lisijirudie. Tafuta Gazetteer nzima, si Mwezi tu. Kurudia jina kwenye sayari nyingine hawapendi, ingawa Herschel utamkuta Mwezini, Mirihi na kwenye mwezi wa Zohali uitwao Mimas.

Sasa mfano wa kwetu tuupitishe kwenye chujio. Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE Nairobi mwaka 1970 na akafariki 2003. Miaka 3 imepita mno. Ni mwanasayansi, hajulikani kwa siasa. Machapisho yake yapo na yaliyoandikwa juu yake yapo. Huyu anapita kwenye kila kigezo cha kreta. Mchukue Wangari Maathai, mwanabiolojia, amefariki 2011, ila alikuwa mbunge na naibu waziri na dunia inamjua zaidi kwa harakati zake. Mimi binafsi ningemwona anastahili, lakini ombi lake lingekuwa na mlima wa kupanda kwenye kipengele cha siasa, na ni bora uujue mapema.

Na kama jina unalolipenda si la mwanasayansi usilazimishe Mwezi, huenda lina nyumba kwingine. Kreta za Utaridi ni za wasanii, wanamuziki na waandishi waliokwisha fariki na kutambulika zaidi ya miaka 50. Zuhura ina kreta za wanawake. Siti binti Saad, aliyefariki 1950, kigezo cha Utaridi kinamfaa kuliko hata baadhi ya majina tunayong'ang'ania kuyapeleka Mwezini. Na wewe wa kijiji chako, kreta ndogo za Mirihi huchukua majina ya miji na vijiji vya Dunia vyenye watu chini ya laki moja hivi. Narudia, Mirihi. Acheni kuomba vijiji Mwezini.

Umefaulu ukiona: unaweza kutia alama ya ndiyo mbele ya kila kanuni hapo juu ukiwa na tarehe na chapisho la kuthibitisha. Beba na majina mawili ya akiba.

## Hatua ya 6: Pata mtafiti wa kushirikiana naye

Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina, hakuna uhakika kwamba litapokelewa, ila maombi yanayohusu kreta mahsusi yanatarajiwa yatoke kwa watu wa fani ya sayansi ya sayari. Kwa hiyo ukijaza peke yako kama shabiki, unaanza mbio ukiwa nyuma.

Rudi kwenye zile karatasi za kurasa mbili za hatua ya 2. Chini ya majina ya waandishi kuna emaili ya mmoja wao, imewekwa hapo ili watu wamwandikie. Mwandikie kwa kifupi: nimesoma kazi yako ya eneo fulani, umeitaja kreta isiyo na jina, nimeipima na namba zangu ni hizi, nimetafuta Gazetteer haina jina, je ungekuwa na haja ya kuiombea jina, nina pendekezo. Ambatanisha picha moja. Usiambatanishe historia ya maisha ya mtu kurasa kumi na mbili, na jina litaje mwishoni kwa sentensi mbili.

Ukitaka kuanzia karibu, jaribu idara ya fizikia ya chuo kikuu ulicho nacho karibu, au jumuiya ya African Astronomical Society. Mkutano mkuu wa IAU ulifanyika Cape Town Agosti 2024, mara ya kwanza Afrika, kwa hiyo wapo watu wa bara hili wanaovifahamu vikao hivyo.

Umefaulu ukiona: mtafiti amekujibu na amekubali kreta inahitaji jina. Akisema haihitaji, mshukuru, hapo umeokolewa muda.

## Hatua ya 7: Jazeni fomu

Fomu ya kuombea jina iko kwenye tovuti ileile ya Gazetteer na inajazwa kwa Kiingereza. Kinachotakiwa ni jina na emaili yenu, mnakotoka, aina ya kitu, latitudo, longitudo, kipenyo, jina mnalopendekeza na asili yake, machapisho, picha, na sababu ya kuhitaji jina.

Picha ziwe mbili. Moja ya mbali inayoonyesha kreta pamoja na majirani wanaojulikana, nyingine ya karibu yenye mshale na kipimo cha kilomita. Picha nzuri isiyo na jirani hata mmoja haimsaidii mtu.

Sehemu ya sababu ndo inayoamua. Linganisha haya, ni mifano niliyoandika mimi tu kuonyesha tofauti.

Dhaifu: "Afrika imesahaulika kwa muda mrefu na profesa huyu alikuwa mtu mkubwa aliyeipenda nchi yake, tunaomba kreta yoyote nzuri ipewe jina lake ili vijana wetu watiwe moyo."

Yenye nguvu: "Kreta hii ya kilomita 14 iko kati ya kreta A na B na imetajwa bila jina kwenye tafiti hizi mbili. Tunaandaa makala kuhusu maporomoko ya ukuta wake wa kaskazini na tunahitaji kuitofautisha na kreta tatu za jirani zinazofanana nayo. Tunapendekeza jina la mwanasayansi huyu, aliyefariki mwaka huu, mchango wake umeelezwa kwenye machapisho haya."

Hoja ya uwiano iwekeni pia, lakini baada ya hiyo, kwa sentensi moja. Kanuni za IAU zenyewe zinataka majina yatoke mataifa na makabila mbalimbali, na yawe ya wanaume kwa wanawake, kwa hiyo hoja ina uzito mradi isiwe ndo peke yake.

Tahadhari ya tahajia: jina liandikeni kama mwenyewe alivyoliandika, la ukoo tu kama linatosha, herufi zote na alama zake. Likishaingia limeingia.

## Hatua ya 8: Kusubiri na kufuatilia

Ombi linapitiwa kwanza na wahusika wa Gazetteer kuona kama namba na picha zimekamilika. Kisha linaenda kwa kikundi kinachoshughulikia Mwezi, halafu linapigiwa kura na kamati ya IAU ya majina ya mfumo wa jua. Likipita linawekwa Gazetteer na kutangazwa hapohapo, na kwa miezi 3 wanachama wa IAU wanaweza kuleta pingamizi lenye msingi.

Wakiuliza swali jibuni haraka na kwa namba. Msianzishe kampeni ya mitandaoni ya kuwashinikiza na msikusanye saini, haipo sehemu kwenye mchakato ambapo wingi wa watu unahesabiwa.

Likikataliwa someni sababu. Kama tatizo ni jina, toeni la akiba. Kama tatizo ni uhitaji, endeleeni na utafiti mpaka makala itoke, kisha muombe tena. Mons Marilyn, ule mlima wa pembetatu ambao Jim Lovell wa Apollo 8 aliuita jina la mkewe mwaka 1968 na Apollo 11 wakautumia kama alama ya njia wakielekea kutua, ulikataliwa huko nyuma na ukaja kuidhinishwa Julai 2017. Marilyn alikuwa bado hai, lakini jina lilikuwa limeshatumika kwenye safari zenyewe na kwenye kumbukumbu zake zote.

Umefaulu ukiona: ukurasa mpya kwenye Gazetteer wenye jina, namba zenu za katikati na kipenyo, asili ya jina na tarehe ya kuidhinishwa. Kabla ya hapo msiandike jina hilo kwenye makala wala bango kana kwamba ni rasmi, andikeni "jina lililopendekezwa". Baada ya hapo litumieni kwa tahajia ileile kila mahali, na namba mkizinukuu zichukueni kwenye ukurasa huo badala ya daftari lenu, maana wahusika huwa wanazirekebisha kidogo wanapopima upya.